Maswali ya Wasomaji: Kazi Inavyoandikwa na Kazi Inavyofanyika

Toleo lililopita lilieleza namna makosa na ajali za kazini zinavyochunguzwa, na barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua tano. Majina ya waandishi na ya mahali pao pa kazi yameachwa kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya mambo wanayoyasimulia bado yako mezani kwa wakubwa wao.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa wodi katika hospitali moja mkoani Dodoma. Katika miezi ya karibuni wauguzi wawili wa zamu ya usiku, kila mmoja kwa wakati wake, walikaribia kumchoma mgonjwa kloridi ya potasiamu wakidhani wameshika maji ya kuchanganyia dawa. Wote wawili waligundua kabla ya kuchoma na wakaja kuniambia wenyewe. Uongozi umewapa barua za onyo na umeniagiza niandae semina kuhusu umakini. Hawa ni miongoni mwa wauguzi bora nilio nao. Niwafundishe nini ambacho hawakijui? *Muuguzi msimamizi, Dodoma*

JIBU: Dada yangu, huna la kuwafundisha. Wauguzi hao wanajua vyema kwamba kloridi ya potasiamu iliyokolea ikiingizwa moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo. Semina itawaeleza wanachokijua, kisha itawarudisha kwenye rafu ileile, saa nane ya usiku, chini ya taa ileile.

Kabla ya semina, chukua ampuli mbili, yaani vichupa vya dawa ya sindano, kimoja cha potasiamu na kimoja cha maji, uziweke kiganjani mwako. Katika wodi nyingi nilizopata kuingia, zote mbili ni za plastiki laini, za mililita 10, zenye shingo ya kunyonga, zimejaa kimiminika kisicho na rangi, na maandishi yake ni madogo kiasi kwamba huwezi kuyasoma mpaka uigeuze ampuli kuelekea mwanga. Mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mara elfu huchagua kwa umbo na kwa mahali kitu kilipozoea kukaa, na jicho hufuata baadaye kuthibitisha. Mazoea hayo ndiyo yanayomwezesha muuguzi mmoja kuhudumia wodi nzima usiku. Huwezi kuyaondoa kwa barua ya onyo, na wala usingependa yaondoke.

Jambo hili lilikwisha kuonekana zamani, katika kazi nyingine kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia kwenye njia yake, wanakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Taarifa ziliandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoingia katika chumba cha rubani alikuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vinavyosaidia kutua zimepangwa bega kwa bega na zinafanana. Akapendekeza mpini wa magurudumu uwekwe kigurudumu kidogo cha mpira, na ule wa vibawa uwe na umbo la kabari, ili mkono ujue umeshika nini hata rubani akiwa anatazama mbele. Mkosi ule ukakoma. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua masimulizi 460 ya yale yaliyokuwa yakiitwa makosa ya rubani, wakaonyesha jinsi mpangilio wa vidhibiti ulivyoyasababisha mengi kati yake.

Dawa yako wewe ni ya namna hiyohiyo. Mwaka 1998 chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani kilipoanza kutoa tahadhari zake maalumu za usalama, ile ya kwanza kabisa ilihusu kloridi ya potasiamu iliyokolea, na ushauri wake mkubwa ulikuwa kuiondoa wodini. Zungumza na mfamasia wenu: ampuli hizo zibaki famasia, na wodi ipokee dripu iliyokwisha kuchanganywa. Kama usiku famasia hufungwa na jambo hilo haliwezekani, basi zikae katika kabati lake lenye kufuli, mbali na maji, ndani ya kasha la rangi kali ambalo mtu hawezi kulifungua huku akili iko kwa mgonjwa mwingine.

Halafu kaa nao usiku mmoja mzima, bila daftari la ukaguzi, uangalie ni mara ngapi muuguzi anayeandaa dawa anaitwa. Ndugu wa mgonjwa, simu ya wodi, daktari anayeuliza faili, mwenzake anayetafuta kanula. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwafuata wauguzi 98 wakitoa dawa zaidi ya mara 4,000, ukaona kwamba kila kukatizwa kulikwenda pamoja na ongezeko la makosa la takriban asilimia 12. Pengine utagundua kwamba meza ya kuandalia dawa imewekwa mlangoni, mahali ambapo kila apitaye lazima aulize jambo. Kuisogeza meza hakugharimu kitu.

Kuhusu barua za onyo, nasema kwa uzito wote: waombe wakubwa wako wazifute. Wauguzi wale walikuletea habari ya hatari ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kuijua, kwa kuwa mgonjwa hakudhurika na hakuna kumbukumbu yoyote iliyobaki. Wakiadhibiwa kwa hilo, wa tatu atakayenusurika ataitupa ampuli kwenye ndoo ya taka na kunyamaza, nawe utaletewa habari siku ambayo mgonjwa amekufa.

SWALI: Ninasimamia usalama katika kiwanda cha vyakula hapa Thika. Kabla ya kufungua mashine ya kuchanganyia ili isafishwe, wafanyakazi hujaza fomu yenye vipengele 14: umeme umezimwa, kufuli limewekwa, kibao cha kukataza kuwasha kimetundikwa, na kadhalika. Jumatatu iliyopita nilikuta fomu za wiki nzima zimekwisha kutiwa alama za vema. Mkurugenzi anataka tuongeze saini ya pili ya msimamizi wa zamu. Je, itasaidia? *Msimamizi wa usalama, Thika*

JIBU: Kaka, itakupa saini mbili. Msimamizi wa zamu naye ana malengo ya uzalishaji, naye atasaini wiki nzima Jumatatu asubuhi.

Fikiria kwanza fomu hiyo inakuonyesha nini hasa. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye ubao wa vidhibiti taa yake ilizimika, na waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Kumbe taa ile iliunganishwa na amri ya kufunga iliyotumwa kwenye vali, haikuunganishwa na vali yenyewe. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupozea yaliendelea kutoka huku watu wenye ujuzi wakiamini kile walichoonyeshwa, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu ikayeyuka. Fomu yako ni taa ya aina hiyo: inakuambia kwamba agizo la kufunga kufuli lilitolewa.

Sisemi orodha za ukaguzi hazifai. Hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19. Matokeo ya hospitali hizo nane kwa pamoja, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Lakini jimbo la Ontario, Kanada, lilipoagiza hospitali zake zote ziitumie, uchunguzi wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukupata nafuu ya maana, ingawa hospitali zenyewe ziliripoti kuitumia katika zaidi ya asilimia 90 ya upasuaji. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Mimi naegemea upande wa wanaosema kwamba orodha husaidia pale timu inaposimama, ikatazamana na kusemezana, na kwamba agizo la kutoka juu laweza kukuletea karatasi zilizojazwa bila mazungumzo hayo.

Kwa hiyo ichukue fomu, nenda nayo hadi kwenye mashine, umwombe mfanyakazi mzoefu akuonyeshe kila kipengele kwa mikono yake, naye asihisi kwamba anatahiniwa. Swichi kuu iko umbali gani? Makufuli ni mangapi kwa mashine ngapi? Funguo hukaa kwa nani, na mtu huyo huwa wapi saa kumi na moja alfajiri? Kusafisha kumepewa dakika ngapi katika ratiba, na hizo kazi 14 zinachukua dakika ngapi kwa kweli? Ni vipengele gani vilinakiliwa kutoka fomu ya mashine nyingine? Sitashangaa ukikuta kwamba vipengele vitatu vinaokoa maisha na vilivyobaki viliongezwa, kimoja baada ya kingine, kila mara mkaguzi alipopita. Wafanyakazi wanaotaka kufanya mgomo baridi mara nyingine hufuata kila kanuni neno kwa neno, na kazi ikasimama. Ujue basi kwamba siku za kawaida kazi inakwenda kwa sababu wanaziba wenyewe mapengo ya maandishi yetu.

Kufuli halina mjadala. Mtu asiingize mkono kwenye mashine ambayo mwingine anaweza kuiwasha, na kila mmoja awe na kufuli lake na ufunguo wake mfukoni. Ili jambo hilo lisimamiwe kwa ukali unaostahili, lipunguzie mzigo wa mengine yasiyo na kazi.

SWALI: Ninasomea uhandisi wa mitambo huko Kampala. Elimu hii inaitwaje na inafanya nini zaidi ya viti na meza? *Mwanafunzi, Kampala*

JIBU: Inaitwa egonomia, elimu ya kuilinganisha kazi, vifaa vyake na mahali inapofanyikia na mtu anayeifanya. Mizizi yake iko katika tiba, saikolojia na uhandisi, na chama cha kwanza cha watafiti wake kiliundwa Uingereza mwaka 1949. Viti na meza ni chumba kimoja tu cha nyumba hiyo. Wafaransa na Wabelgiji wanaoandika kwa Kifaransa, tangu miaka ya 1950, wameijenga juu ya tofauti kati ya kazi iliyoagizwa na kazi halisi, yaani yale ambayo mtu hulazimika kuongeza, kupunguza na kubuni ili agizo litimie. Ningekushauri, mwanangu, kabla hujabuni mtambo wowote wa mradi wako wa mwisho, ukamtazame mtu atakayeusafisha na kuutengeneza. Wahandisi wengi humfikiria mwendeshaji tu, na fundi huja kukuta boliti ambayo spana haiwezi kuifikia.

SWALI: Nilifanya kazi reli, upande wa ishara, hadi kustaafu. Enzi zetu aliyekosea alikatwa mshahara au alifukuzwa, na kila mtu alikuwa makini. Nyinyi mnaposema kosa la mtu lina sababu nje yake, hamuoni kwamba mnawafundisha vijana uzembe? *Mstaafu, Tanga*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Uzembe wa kweli upo. Dereva anayeendesha basi akiwa amelewa, au fundi anayeghushi kipimo ili awahi nyumbani, amechagua kuhatarisha maisha ya watu, na ninakubaliana nawe kwamba awajibishwe. Barua nyingi ninazopokea hazihusu watu wa namna hiyo, na kwa kuwa wewe ni mtu wa ishara, naomba nikujibu kwa tukio la ishara.

Tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni ya Clapham Junction, London, treni ya asubuhi iliyojaa abiria iliigonga nyingine iliyokuwa imesimama mbele yake, na watu 35 wakafariki. Taa ya ishara ilikuwa imeonyesha kwamba njia ni wazi. Uchunguzi ulikuta kwamba wiki mbili kabla ya hapo fundi aliyekuwa akibadilisha nyaya aliuacha waya wa zamani ukiwa bado umeunganishwa upande mmoja, na upande wa pili, badala ya kuukata na kuufunga kwa utepe, aliusukuma kando tu. Waya ule baadaye ukarudi kwenye nafasi yake ya zamani, ukagusa, ukalisha umeme saketi iliyopaswa kuwa imekatika.

Ukiishia hapo unaweza kusema ni uzembe. Lakini tume iliyoongozwa na Anthony Hidden iliendelea kuuliza. Fundi yule alikuwa amefanya kazi wiki 13 akiwa amepumzika siku moja tu. Kusukuma nyaya kando ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka yote, na hakuna msimamizi aliyewahi kumwambia kwamba si sawa. Mtu wa pili alitakiwa kuzihesabu nyaya baada yake, kipimo ambacho kingeufichua waya ule. Hakufanya hivyo, na siku ile msimamizi mwenyewe alikuwa ameshika kazi nyingine kwa mikono yake. Nakuuliza kwa heshima, mzee: hofu ya kukatwa mshahara ingemsaidia nini mtu ambaye anaamini kwa moyo wote kwamba anafanya kazi nzuri? Kilichofuata ni mipaka ya saa za kazi: si zaidi ya saa 12 kwa zamu, wala saa 72 kwa wiki. Mipaka hiyo imewalinda abiria wengi ambao hawatalijua hata jina la tume ile.

Hofu ina madhara mengine, nayo ni kufunga midomo. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu, wakafa watu 583. Katika chumba cha rubani cha ndege iliyokuwa ikianza kuruka, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa mkufunzi mwenye jina kubwa katika shirika lake, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia swali. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizofanya mashirika ya ndege, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, yawafundishe wadogo kusema mara ya pili na wakubwa kusikiliza. Sisi tuliolelewa kutomkatiza mkubwa tunalihitaji fundisho hilo kuliko wengi, na naamini linawezekana bila kuvunja adabu, mradi mkubwa mwenyewe aanze kwa kusema mbele ya wote: "Nikikosea, niambieni papo hapo."

Ungetufaa sana, mzee, kama ungeandika yale madogo yaliyotokea enzi zenu na ambayo hayakufika kwenye daftari la mkubwa. Ukurasa huu uko wazi kwako.

SWALI: Nina ghala la bidhaa Mwanza. Nimesoma makala yenu nikashawishika kwamba nahitaji kujua watu wanavyofanya kazi kwa kweli. Nimeagiza kamera kumi na mbili. Ninunue na programu ya kupima muda wa kila mfanyakazi? *Mwenye ghala, Mwanza*

JIBU: Ndugu, kamera ni nzuri kwa wezi. Kwa jambo unalolitafuta zitakupa nusu ya habari, na huenda zikakuficha nusu iliyo muhimu. Utamwona mtu akiacha njia iliyochorwa sakafuni na kupita katikati ya marobota. Hutaona kwamba njia ile hutuama maji mvua ikinyesha na toroli huteleza.

Tena watu wakijua wanapimwa hupanga hesabu zao. Katika kiwanda cha Western Electric huko Hawthorne, pembeni mwa Chicago, wafanyakazi 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu waliwekwa chumba cha peke yao kuanzia mwishoni mwa mwaka 1931, na mtazamaji mmoja akakaa nao kwa miezi kadhaa. Kadiri walivyomzoea, ndivyo alivyoona yasiyokuwamo katika vitabu vya menejimenti: walikuwa wamekubaliana wenyewe kiasi cha kazi cha siku, walimbeza aliyezidisha, walibadilishana kazi kinyume cha taratibu, na waliripoti hesabu zilizolingana siku hadi siku ingawa kazi yenyewe haikulingana. Takwimu zilizofika ofisini zilikuwa safi kabisa. Walihofia kwamba wakizidisha, kiwango kingepandishwa au wenzao wangepunguzwa, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga katika miaka ile ya mdororo wa uchumi. Kwa programu yako ya kupima muda, nawe utapata takwimu safi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ghala ni lako lakini hulibebi. Fedha ya programu ibaki benki. Chagua mtu mmoja ambaye wapakuaji hawamwogopi, awe mgeni au kijana wa ofisi asiye na mamlaka ya kumfukuza mtu, afanye nao kazi zamu kadhaa, abebe wanachobeba na kula wanakokula. Mpe maswali machache ya kuulizia wakati wa chai: leo ni kitu gani kilikuchelewesha, ni wapi huwa unaogopa kuumia, ni kanuni gani ukiifuata kazi haiishi, na mwenzako mpya hukosea wapi wiki ya kwanza. Waahidi kwamba hakuna jina litakaloandikwa, na uitimize ahadi hiyo hata utakaposikia usilolipenda. Kisha katika yale watakayoyataja, rekebisha moja ndani ya wiki hiyohiyo, hata likiwa ni maji yale yanayotuama, kwa sababu watakuwa wanatazama kama kusema kulileta chochote kabla hawajakuambia yaliyo mazito zaidi. Anza na siku ambayo malori huwa mengi, na siku hiyo mwache msimamizi wako ofisini.